Barua ya wazi kwa mawaziri wa Korea Kusini: nani atalalamikia alama asizoziona?

Kwa:
Waziri wa Usawa wa Jinsia na Familia,
Waziri wa Ajira na Kazi,
Jamhuri ya Korea.

Waheshimiwa Mawaziri,

YAH: UBAGUZI WA WANAWAKE KATIKA AJIRA NA MAISHA YA KILA SIKU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mkazi wa mkoa wa Gyeonggi, unaouzunguka mji wa Seoul. Nilikuja nchini kwenu kwa ufadhili wa serikali yenu, nikasoma shahada ya uzamili, kisha nikaajiriwa. Siandiki kama mtalii aliyeudhiwa na foleni ya uwanja wa ndege. Nalipa kodi, nachangia bima ya afya, na siku ya kutoa taka za plastiki mtaani kwangu naijua kuliko baadhi ya majirani.

Kabla ya kuja hadharani nilipita milango yote niliyoelekezwa. Nilizungumza na mkuu wangu wa idara kwa faragha, akaniambia nitazoea. Nikaandika kwa idara ya utumishi. Wakaniita, wakanipa kahawa, wakaniuliza kama nina matatizo nyumbani. Nikapeleka malalamiko serikalini. Jibu likaja kwa lugha ya adabu sana: sheria ipo, na iwapo nina ushahidi wa maandishi niuwasilishe. Ushahidi wa maandishi wa swali lililoulizwa kwa mdomo, ndani ya chumba kilichofungwa! Hapo nikaona bora tuzungumze mbele ya watu.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kila mwaka wasichana wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura wanajaza fomu za ufadhili wenu huku tamthilia za Kikorea zikiwa zimewajaa kichwani, na hakuna anayewaeleza maisha ya ofisini yakoje baada ya mahafali. Kuhusu tafsiri msihangaike. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili tangu zamani, hamtakosa kijana wa kuwasomea.

Hoja zangu ni hizi.

1. Usaili unaopima mume badala ya kazi

Tuliingia kwenye usaili watu wanne kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya kampuni nyingi hapa, tukakaa mstari mmoja mikono ikiwa juu ya magoti. Kijana wa kwanza aliulizwa alama zake za mtihani wa Kiingereza na mradi alioufanya chuoni. Dada aliyekaa kando yangu, msomi wa uhandisi, akaulizwa kama ana mchumba. Akasema hana. Akaulizwa anatarajia kuolewa lini. Akasema kwa sasa akili yake iko kwenye kazi. Msaili akacheka, akawageukia wenzake akasema wote husema hivyo. Nilimwona yule dada akikunja pindo la sketi yake kwa vidole, akalikunjua, akalikunja tena, uso ukitabasamu muda wote. Mimi niliulizwa kama ni kweli Afrika wasichana huolewa wakiwa wadogo. Kazi nilipata. Yeye sikumwona tena.

Waheshimiwa, nchi yenu ina sheria ya fursa sawa katika ajira tangu mwaka 1987. Inakataza hata kumwekea mwanamke masharti ya sura, kimo, uzito au kutokuwa na mume pale ambapo kazi yenyewe haihitaji. Mwaka 2019 mkaongeza katazo jingine, katika sheria ya taratibu za ajira: mwajiri mwenye wafanyakazi 30 au zaidi haruhusiwi kudai kwenye fomu ya maombi habari za ndoa, sura, au kazi za wazazi wa mwombaji. Akidai, faini hadi won milioni 5. Ni sheria nzuri. Tatizo lake ni kwamba imeziba karatasi ikaacha mdomo. Lile ambalo fomu haiwezi tena kuliuliza, msaili analiuliza huku akimimina maji kwenye glasi.

Na si kampuni yangu tu. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni moja kubwa ya dawa ilimuuliza mwombaji wa kike anaonaje wanawake kulipwa pungufu kwa kuwa hawaendi jeshini kama wanaume wanavyolazimika. Kampuni ilikuja kuomba radhi Machi 2021, baada ya mwombaji huyo kujitokeza hadharani. Angenyamaza, lingeishia hapo hapo.

2. Alama zinazoshushwa gizani

Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote.

Oktoba 2018 mahakama ya Seoul iliitia hatiani benki ya KB Kookmin. Katika uajiri wa mwaka 2015, kwenye hatua ya kuchambua maombi, alama za wanaume 113 zilipandishwa na za wanawake 112 zikashushwa ili wanaume wawe wengi. Katika hukumu hiyo maofisa waliohusika walipewa vifungo vya nje. Benki yenyewe ikatozwa faini ya won milioni 5, ambazo wakati huo hazikufika dola 5,000. Msimlaumu hakimu, maana huo ndio ukomo uliowekwa na sheria kwa kosa hilo. Nimepiga hesabu: ukigawa faini hiyo kwa wale wanawake 112, kila mmoja anaangukia won 44,000 na ushee. Hapa Seoul hiyo ni pesa ya kuku wawili wa kukaanga, wa kuletewa hadi mlangoni.

Lakini hata faini tuiache pembeni kwanza. Jiulizeni nani alilalamika. Wale wanawake hawakulalamika, kwa sababu hawakujua. Walipata ujumbe wa kawaida wa kushukuriwa kwa kuomba, wakaambiwa waombaji walikuwa wengi na wazuri, wakaenda kununua vitabu vingine vya kujiandaa na mtihani mwingine. Pengine mama zao waliwaambia wangejitahidi zaidi. Mchezo huo uliibuka baada ya wakaguzi wa mamlaka inayosimamia mabenki kuingia na kufungua mafaili.

Hapa ndipo ninapowashika, Waheshimiwa. Mfumo wenu wote unasubiri mlalamikaji. Fomu ya malalamiko ipo, simu ya bure ipo, na tangu Mei 2022 mfanyakazi anaweza kuipeleka kesi ya ubaguzi wa kijinsia kwenye Tume ya Mahusiano Kazini. Vyote hivyo ni vya mtu aliyeona alichofanyiwa. Aliyenyang'anywa nafasi kabla hajaifikia atajaza nini kwenye fomu hiyo? Ataandika kwamba anahisi alama zake zilishushwa?

3. Mtoto mmoja, na kazi imeisha

Tangu mwaka 2009 wasichana wa Korea wanaingia vyuo vikuu kwa kiwango cha juu kuliko wavulana. Elimu, basi, si kisingizio. Hata hivyo mwaka 2023 pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake lilikuwa asilimia 29 hivi, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi za OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri. Korea ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 1996, na tangu hapo hakuna mwanachama mwenzake aliyeipita kwa pengo hilo.

Pengo linachimbwa wapi? Kwa sehemu kubwa, pale mtoto anapozaliwa. Takwimu zenu za mwaka 2024 zinaonyesha wanawake zaidi ya milioni 1.2 walioolewa, wa umri wa kufanya kazi, ambao waliacha kazi kwa sababu ya ndoa, mimba, malezi na mambo ya kifamilia. Nawaeleza mmoja anavyoingia kwenye hesabu hiyo.

Tulikuwa na dada mmoja ofisini, mwenye miaka mingi kazini, ambaye wateja wa nje walikuwa wakimtafuta yeye kwanza. Akaenda likizo ya malezi, haki yake ya kisheria. Aliporudi hakufukuzwa, la hasha. Alinunuliwa keki, tukapiga makofi. Meza yake ilikuwa imehamishiwa kando ya mashine ya kunakili. Wateja wake walishagawiwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Mikutano ikawa inapangwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mtoto wa chekechea anapaswa kuwa ameshachukuliwa. Wiki zikapita akiwa hana cha kufanya zaidi ya kupanga risiti. Siku aliyoandika barua ya kuacha kazi, aliandika sababu moja: kulea mtoto. Na kwenye takwimu zenu ndivyo atakavyosomeka, mwanamke aliyechagua familia.

Zamani mambo yalisemwa wazi. Mwaka 2016 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea ilikuta kiwanda cha pombe huko Daegu kikiwalazimisha wafanyakazi wa kike kuacha kazi wanapoolewa, desturi iliyokuwepo tangu kiwanda kianzishwe mwaka 1957. Angalau pale mtu alijua amefukuzwa. Siku hizi unaletewa keki.

Kisha mnashangaa wanawake hawazai. Mwaka 2023 wastani wa uzazi ulishuka hadi watoto 0.72 kwa kila mwanamke, ukapanda kidogo hadi 0.75 mwaka uliofuata. Mmetumia matrilioni ya won kuwashawishi. Wenzangu ofisini walikuwa wakilijadili jambo hili chooni, maana ndiko pekee hakuna bosi, na hakuna hata mmoja aliyetaja ruzuku. Walikuwa wakiitaja ile meza ya kando ya mashine.

4. Miwani, nywele na koleo la nyama

Mengine ni madogo madogo, na ndiyo yanayochosha.

Mlo wa jioni wa ofisi: mdogo kuliko wote akiwa wa kike ndiye atakayeshika koleo na mkasi, ageuze nyama kwenye jiko la mezani, akate vipande, awagawie wakubwa, na yeye ale kilichopoa. Atakalishwa karibu na mkurugenzi. Glasi ya mkurugenzi ikiwa tupu, macho ya meza nzima yanamgeukia yeye. Kwetu pia binti hutumwa kuandaa na kunawisha wageni mikono, sikatai, lakini hiyo ni nyumbani kwao. Hapa ni kazini, na kule mezani ndiko inakoamuliwa nani apewe mradi mpya.

Miwani: Aprili 2018 mtangazaji wa kike wa televisheni ya MBC alisoma taarifa ya habari akiwa amevaa miwani, ikawa habari yenyewe. Wanaume walikuwa wamesoma habari na miwani miaka nenda miaka rudi.

Nywele: An San alileta medali tatu za dhahabu za upinde kutoka Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na bado wapo waliomshambulia kwa kuwa alikata nywele fupi, wakidai huo ni ushahidi wa siasa za kutetea wanawake. Kwetu wasichana wa shule za serikali hunyolewa hadi ngozi ing'ae, na hakuna aliyewahi kuwauliza itikadi. Ningecheka, ila Novemba 2023 huko Jinju mwanamume alimpiga mhudumu wa duka kwa sababu hiyo hiyo ya nywele fupi, na mahakama ya rufaa mwaka uliofuata ikakubali kwamba chuki dhidi ya wanawake ndiyo iliyomsukuma.

Sikukuu: hata Sungkyunkwan, taasisi ya Konfusio mnayoiheshimu kwa mambo ya mila, ilitamka Septemba 2022 kwamba si lazima kukaanga vyakula vya mafuta kwa ajili ya tambiko la mababu. Wake za watu waliokuwa wakisimama jikoni kutwa nzima kuwakaangia mababu wa upande wa mume walifurahi. Tangazo hilo halikuhitaji hata won moja ya bajeti.

5. Kamera na picha za kughushi

Hili limeandikwa sana, nitalipita haraka. Mwaka 2018 maelfu ya wanawake waliandamana Hyehwa, jijini Seoul, kupinga kamera za siri vyooni. Mwaka 2024 ikaja zamu ya picha na video chafu za kughushi kwa akili mnemba, wahanga wakiwemo wanafunzi, na Septemba mwaka huo Bunge likafanya hata kuzitazama kuwa kosa la jinai. Hapo mlikwenda mbio, nawapongeza. Nachoomba ni mbio hizo hizo kwenye ajira.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema ubaguzi wa kimfumo haupo tena. Yoon Suk Yeol alisema hivyo Februari 2022 akiomba urais, baada ya kuahidi kuifuta kabisa wizara ya wanawake. Hakuifuta, ila aliiacha bila waziri tangu Februari 2024, na kiti hicho kilikuja kupata mtu Septemba 2025 chini ya rais mwingine. Najua basi kwamba mmerithi nyumba iliyokaa muda mrefu bila mwenyewe. Naomba tu msiurithi na usemi wake.

Mtasema mlishawahi kuwa na rais mwanamke. Sisi tunaye Rais Samia, aliyepokewa kwa heshima kubwa hapa Seoul mwaka 2024, na bado tuna kazi kubwa nyumbani. Katika uchaguzi wenu wa rais wa Juni 2025 wagombea wote walikuwa wanaume, na kati ya wabunge 300 waliochaguliwa mwaka 2024, wanawake ni 60.

Mtasema vijana wa kiume wanaumia, wanatoa mwaka mmoja na nusu au zaidi wa ujana wao jeshini. Hili nalichukulia kwa uzito, sitalifanyia dhihaka. Lakini anayewadai vijana muda huo ni serikali, si yule dada wa usaili. Alama za nyongeza kwenye mitihani ya ajira kwa waliotumikia jeshi zilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 1999 kwa sababu ziliwaumiza wanawake na watu wenye ulemavu. Kama mnaona askari wanalipwa kidogo, waongezeeni kutoka hazina. Kwetu Tanzania wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) huitwa wa kike na wa kiume. Mkitaka kuujadili mfumo wenyewe, ujadilini, lakini msimkate mwanamke mshahara kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Na mtasema nyani haoni kundule: mgeni kutoka Tanzania anatufundisha usawa? Ndiyo, kwa sababu ninyi mlianza. Shirika lenu la misaada, KOICA, limegharamia mradi wa kuwawezesha wanawake na wasichana kule Ikungi, Singida, na Msalala, Shinyanga. Tulipokea kwa shukrani. Mwanamke wa Ikungi akiambiwa kwa fedha za Korea kwamba ana haki ya kumiliki shamba lake, dada wa uhandisi wa Gyeonggi naye aambiwe kwa fedha hizo hizo kwamba swali la mchumba ni kosa.

Ninachoomba

(a) Sheria ya taratibu za ajira irekebishwe ili maswali ya mdomo kuhusu ndoa, mimba na mchumba yawe kosa sawa na yale ya kwenye fomu, na mwombaji awe na haki ya kurekodi usaili wake.

(b) Ukomo wa faini ya won milioni 5 uondolewe. Faini ifuate ukubwa wa mapato ya kampuni na idadi ya waliobaguliwa.

(c) Kila kampuni kubwa itangaze hadharani, kila mwaka, idadi ya waombaji wa kike na wa kiume katika kila hatua ya uajiri, mishahara yao kwa kila ngazi, na wangapi waliorudi kutoka likizo ya malezi bado wapo kazini mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2022 mliweza kuzilazimisha kampuni za soko la hisa zenye mali ya zaidi ya won trilioni 2 zisiwe na bodi ya jinsia moja. Mkono wa kulazimisha mnao.

(d) Wakaguzi wa kazi waingie bila kusubiri malalamiko, wafungue mafaili ya alama kama yalivyofunguliwa yale ya mabenki.

(e) Likizo ya malezi kwa baba iwe na sehemu asiyoweza kuikataa wala kunyimwa. Mwaka 2024 wanaume walivuka asilimia 30 ya waliochukua likizo hiyo, na tangu Februari 2025 baba anapata siku 20 mtoto anapozaliwa. Mmeanza vizuri. Siku mkurugenzi atakapojua kwamba kijana naye ataondoka, swali la mchumba litakosa maana.

(f) Sheria ya jumla ya kupinga ubaguzi, iliyofikishwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2007 na kukwama tangu hapo, irudishwe na kupigiwa kura. Anayeipinga aonekane anaipinga.

Nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi. Kikorea nakisoma. Jibu nitalichapisha hapa hapa lilivyo, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, na likiwa lile lile la kuniomba ushahidi wa maandishi nitalichapisha pia.

Nawatakia utumishi mwema.

Wenu,
Mfanyakazi Mtanzania, Gyeonggi

Nakala:
Ubalozi wa Jamhuri ya Korea, Dar es Salaam
Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea, Seoul